Pongezi kwa Wapimaji wa Milima ya Kivu

Nawapongeza mafundi wa jiofizikia wanaoipima milima ya Kivu Kusini kwa miguu kabla shimo lolote halijachimbwa. Dhahabu ikipatikana husifiwa mwenye mgodi, wao hawatajwi.

Mtazame anayebeba kipima sumaku. Funguo, simu, panga, hata mkanda wenye chuma, vyote ameviacha mbali, maana chuma kidogo tu mwilini huharibu kipimo. Kipima kingine hubaki kambini mchana kutwa, kikiandika jinsi usumaku wa dunia unavyobadilika, ili jioni mabadiliko hayo yaondolewe kwenye hesabu.

Dhahabu yenyewe ni chache mno mwambani, vifaa hivi haviwezi kuigundua moja kwa moja. Lakini kule Twangiza, kusini mwa Bukavu, dhahabu huandamana na madini ya salfaidi kama pairaiti. Basi wapimaji hupigilia vyuma ardhini, huvimwagia maji ya chumvi ili umeme upenye, huupitisha, kisha huukata ghafla. Mwamba wenye salfaidi hushikilia chaji, halafu huiachia polepole. Kuachia huko ndiko kunakopimwa, na kunataka subira kubwa. Kwa njia hiyo huchimbwa pale tu penye dalili, na mashamba mengi ya watu huepuka kutobolewa bure.

Mkoa huu si mgeni wa sayansi ya ardhi: kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichotokana na taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, kimerekodi matetemeko kwa miongo mingi. Vijana wanaosomea jiolojia Bukavu wapewe vifaa hivi mikononi, na milima hii waipime wao.