Pongezi kwa GoDown, Ghala Lililolea Sanaa

Pongezi tele kwa GoDown Arts Centre ya Nairobi. Mwaka 2003, Joy Mboya na wenzake walichukua ghala kuukuu katika Barabara ya Dunga, eneo la viwanda, wakalifanya makao ya wasanii. Palipokuwa pakitengenezwa magari, wachoraji wakapata karakana, wacheza dansi wakapata sakafu ya mazoezi, na wanamuziki wakapata studio. Humo shirika la Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, lilirekodi muziki na kufuatilia historia ya mtindo wa benga, hata wakongwe waliokuwa wamesahaulika wakasikika tena.

Sanaa haikufungiwa ndani ya kuta hizo. Mwaka 2013 GoDown ilianzisha Nai Ni Who, tamasha ambamo wakazi wenyewe waliwatembeza wageni mitaani mwao na kuwasimulia yaliyopita hapo. Mtaa uliozoea kusemewa na wengine ukapata kujisemea.

Wanaopanga miji yetu wana la kujifunza hapa: jengo hupata thamani kwa watu linaowapokea. Hongereni sana, wana GoDown. Mmewapa Wanairobi sababu ya kujivunia mitaa yao.