Kipozamataza Juu ya Jiwe Jeusi

Ukitoka Marsabit kwa barabara ya lami ya kwenda Moyale, ukishaipita Bubisa nchi inageuka nyeusi. Hii ndiyo Dida Galgalu: mawe ya volkano yametapakaa kama makaa hadi macho yanapokomea, nyasi fupi zimejipenyeza katikati yake, na upepo haupumziki. Teremka garini, simama dakika kumi bila kusema neno, utaona jiwe moja limekimbia hatua tatu na kusimama tena. Ni kipozamataza. Utafungua kitabu chako kwenye kurasa za jamii yake, na hapo utakuta ndege wa kahawia wamejipanga, kila mmoja na michirizi yake, na wote utasema ni watoto wa mama mmoja.

Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwa ndege wakubwa. Nawaelewa, maana nami nimekaa juu ya mawe hayo kitabu mapajani nikigeuza kurasa mbele na nyuma hadi ndege mwenyewe akachoka kunisubiri. Lakini ukurasa huo wa vipozamataza ndio mtihani halisi wa kitabu cha kutambulia ndege. Tausi kila mtu anaweza kumchora akatambulika. Jangwani, kitabu kizuri ni kile kinachokufanya uitazame ardhi kabla hujamtazama ndege, na watunzi wetu walichukua miaka mingi kufika hapo.

Tatizo linaanzia kwenye rangi. Kipozamataza anaishi chini, anakula chini, anataga chini, mahali pasipo na kichaka cha kumficha. Asiyefanana na udongo huonwa na kipanga kwanza. Kwa hiyo vizazi na vizazi vya ndege hawa vimefuata rangi ya ardhi wanayoikanyaga. Huko Jordan, kwenye jangwa la mawe meusi, yuko kipozamataza wa jangwa, Ammomanes deserti, aliye karibu kuwa mweusi, ilhali ndugu zake wa aina hiyo hiyo wanaoishi mchangani wamepauka. Hapa kwetu, Mirafra williamsi wa Dida Galgalu ana sura mbili: wako wa kahawia iliyokolea, na wako wa rangi ya kutu. Ukimfundisha mtu kutambua kwa rangi peke yake, umempoteza kabla hajashuka garini.

Zamani jambo hili halikumsumbua mtaalamu, kwa sababu alikuwa na bunduki. Ndege alipigwa, akashikwa mkononi, akapimwa bawa na mdomo, na jibu likapatikana mezani. Mabadiliko yalikuja mwaka 1934, pale Mmarekani Roger Tory Peterson alipotoa kitabu chake cha kutambulia ndege wakiwa hai na kwa mbali. Aliwachora kwa urahisi, wakiwa wametazama upande mmoja, kisha akatia vistari vifupi vinavyoelekeza jicho kwenye alama moja au mbili zinazomtenganisha huyu na yule. Ni ufundi mdogo kuutazama, lakini ulihamisha maarifa kutoka kwenye makumbusho hadi kwa mtu wa kawaida mwenye darubini.

Afrika Mashariki ililetewa kitabu cha namna hiyo na John G. Williams, aliyesimamia idara ya ndege katika makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Kitabu chake cha Afrika Mashariki na Kati kilitoka mwaka 1963. Ni yeye huyo ambaye jina lake limebaki kwa Mirafra williamsi, ndege aliyeelezwa kisayansi mwaka 1956. Hivyo mwandishi wa kitabu kilichowafungulia wengi mlango wa ndege wetu ana jina lake kwa mmoja wa ndege wagumu kabisa kutambua katika nchi hii, na mimi naona heshima hiyo imemfaa.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, yaani mchoraji anafanyaje. Hawezi kumsimamisha kipozamataza wa Dida Galgalu mbele ya meza yake. Anategemea ngozi za ndege zilizokaushwa na kulazwa kwenye droo za makumbusho, pamoja na picha na kumbukumbu za watu waliofika porini. Ngozi ina faida kubwa: unaweza kuwalaza ndege ishirini sambamba ukaona tofauti ambayo porini ungehitaji miaka kuiona. Lakini inasema uongo mahali pawili. Kwanza, sehemu zisizo na manyoya hupoteza rangi yake baada ya kifo: mdomo, miguu, na ngozi inayozunguka jicho. Jicho lenyewe huwa limetolewa na kuwekewa pamba. Tazama hasara hiyo kwa Spizocorys personata, jirani wa Mirafra williamsi. Alama yake kubwa ni uso mweusi kama barakoa kuzunguka mdomo mnene wenye wekundu wa kufifia. Kwenye droo, nusu ya alama hiyo imeshakufa. Bila mtu aliyemwona akiwa hai na kuandika rangi ya mdomo papo hapo, mchoraji angebahatisha.

Uongo wa pili ni wa jua. Manyoya mapya ya kipozamataza yana kingo za rangi hafifu, na kingo hizo ndizo zinazompa madoadoa mgongoni. Miezi ikipita, mchanga unazisugua na jua linazifubaza, hadi ndege anabaki wa rangi moja, kachakaa kama shati la mchungaji. Kitabu kwa kawaida humwonyesha akiwa na manyoya mapya. Wewe unakutana naye akiwa amechakaa. Ukijua hilo, utaacha kuhesabu madoa na kutazama yasiyochakaa: umbo la mdomo, urefu wa mkia, namna anavyosimama, namna anavyoruka akishtuliwa.

Mwaka 1996 kilitoka kitabu cha Zimmerman, Turner na Pearson kuhusu ndege wa Kenya na Tanzania ya kaskazini. Dale Zimmerman alikuwa mtu wa New Mexico, nchi kame, na alishiriki pia kuchora. Kitabu kile kina zaidi ya kurasa 700 na maelezo yake ya vipozamataza bado nayarudia, ila hakuna mfuko wa koti utakaokimeza. Miaka sita baadaye, mwaka 2002, Terry Stevenson na John Fanshawe walitoa chao cha nchi tano, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, kikiwa na ndege zaidi ya 1,300. Walichofanya ni kukikunja kitabu kikubwa kiwe kidogo: picha upande mmoja, na upande wa pili maneno machache pamoja na ramani ndogo ya kila ndege. Macho hayahami kurasa. Na jangwani, katika upepo ule, kugeuza kurasa tatu ndiko kumpoteza ndege.

Uone jinsi mpango huo unavyofanya kazi kwa wawili wenye kishungi kirefu kilichochongoka, Galerida cristata na Galerida theklae. Mchoro unakwambia wa kwanza ana mdomo mrefu zaidi, na wa pili ana mdomo mfupi na michirizi iliyokolea kifuani. Ni kweli, lakini saa tano asubuhi, joto likipanda kama moshi juu ya mawe, michirizi ya kifua haionekani kwa hatua arobaini. Basi jicho lishuke kwenye ramani na mstari wa makazi. Cristata ni wa mchanga, huko kandokando ya Ziwa Turkana na nchi tambarare zilizo wazi. Theklae ni wa mawe meusi ya Marsabit na Dida Galgalu. Huwezi kuona kifua cha ndege, lakini unaweza kuona umekanyaga nini. Ardhi yenyewe imekuwa alama ya kutambulia.

Saa nayo ni alama. Kaa karibu na kisima au chemchemi ukingoni mwa jangwa la Chalbi, uwangoje firigogo. Pterocles exustus, mwenye mkia mrefu uliochongoka na tumbo jeusijeusi, huja asubuhi jua likishapanda kidogo, makundi kwa makundi, wakiita tangu mbali. Dume huingia majini akalowesha manyoya ya tumbo, kisha akaruka na maji hayo hadi kwa vifaranga. Pterocles lichtensteinii hangoji mwanga. Huja jua likishazama, wachache wachache, mkia mfupi, na unabaki na kivuli na sauti tu. Hapo picha ya rangi haina kazi. Sentensi moja ya kitabu kuhusu wakati wa kunywa inazidi mchoro mzima, na ningependa watunzi waipe nafasi ya kwanza badala ya kuiweka mwisho wa maelezo.

Kuna ndege wasiohitaji haya yote. Mbuni dume wa kaskazini ana shingo na mapaja ya buluu ya kijivu, wa kusini wekundu. Tangu 2014 shirika la BirdLife International linawahesabu kuwa aina mbili. Kwezi wa kawaida utamjua kwa mkanda mweupe kifuani na jicho lililopauka. Kwa hao, kitabu chochote kitakutosha.

Kinachoniuma ni majina. Vitabu hivi vinatumika katika nchi tano ambazo Kiswahili kinasikika, lakini Kiswahili chetu kinasimama kwenye jamii: kipozamataza, basi, awe wa mchanga, wa mawe au wa nyasi. Wachungaji wa Kigabra, Kiborana na Kirendile wanaijua ardhi hiyo jiwe kwa jiwe, na sijaona ukurasa wa vitabu hivi uliowauliza. Kipozamataza-mawe na kipozamataza-mchanga ni majina mafupi, tena kila moja limebeba nusu ya kazi ya utambuzi ndani yake. Nimeanza kuyaandika kwa penseli pembeni ya nakala yangu, pamoja na rangi ya udongo na saa niliyomwona. Ukurasa wa theklae umeshajaa, wa cristata bado una nafasi. Kwa Mirafra williamsi nina mistari miwili tu: wa kahawia, saa moja na nusu asubuhi, mawe meusi na nyasi fupi, na chini yake, wa rangi ya kutu, hatua chache kutoka kwa mwenzake, juu ya mawe yale yale.