Kezilahabi 1974 Ni Kipi? Lalamiko Kuhusu Funguo za Rejea Zinazogongana



Nimekuwa msomaji wa kimya hapa jamvini kwa muda mrefu. Leo naomba niseme jambo ambalo wengine mtaliona dogo, la mafundi wa kompyuta, wala si la wahakiki wa fasihi. Na mimi nililiona hivyo hivyo, mpaka liliponiumbua.

Kwa asiyetumia vyombo hivi, ufunguo wa rejea ni lile neno fupi unaloliandika ndani ya muswada, mfano kezilahabi1974, ili kompyuta ikatafute kitabu chenyewe kwenye faili ya marejeleo na kukipanga mwishoni. Msomaji hauoni ufunguo huo, anachoona ni matokeo yake tu. Sasa swali langu: Kezilahabi 1974 ni kipi? Maana mwaka huo marehemu Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Kichwamaji, na mwaka huo huo akatoa diwani ya Kichomi. Vitabu viwili, mwandishi mmoja, mwaka mmoja. Fahali wawili zizi moja.

Kilichonipata ni hiki. Mwaka 2022 nilikuwa nahariri makala na mwenzangu aliye nchi nyingine. Mimi nakaa Marshalltown, kusini ya katikati ya jiji la Johannesburg, na mwaka ule umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa siku. Kompyuta yangu ya zamani ikafa. Nikahamisha marejeleo yangu kutoka programu moja kwenda nyingine, usiku, kwa haraka, kabla zamu ya giza haijafika. Kigeuzi kilipokuta kezilahabi1974 mbili, kilizitia herufi kimya kimya: cha kwanza kwenye faili kikawa kezilahabi1974a, cha pili kezilahabi1974b. Kwangu mimi Kichwamaji ndicho kilichotangulia, basi kikawa a. Nikaandika muswada wote kwa funguo hizo.

Miezi miwili baadaye mwenzangu akaunganisha faili yangu na yake, akaipanga upya kwa majina ya vitabu, akaigeuza tena. Kialfabeti, Kichomi hutangulia Kichwamaji. Kwa hiyo Kichomi kikawa a. Muswada haukuguswa hata nukta. Kompyuta haikulalamika, kwani kila ufunguo ulipata kitabu chake. Makala ikatoka ikisema kwamba katika Kichomi mhusika mkuu, Kazimoto, anajiua.

Jamani! Kichomi ni mashairi. Tena ni ile diwani iliyokuwa katikati ya mabishano makali ya vina na mizani. Msomaji mmoja akaniandikia kwa adabu kabisa akiniuliza ni katika shairi lipi Kazimoto anakufa. Nilicheka kwanza, kisha nikaona aibu. Lakini kicheko kiliisha nilipopata habari kwamba mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa ameinakili rejea ile kwenye tasnifu yake kama ilivyo. Watahini wakamuuliza, akashindwa kujibu, akaambiwa akafanye masahihisho. Amepoteza muhula kwa kosa langu. Ni kweli naye angepaswa kufungua kitabu. Lakini mimi ndiye niliyemwonyesha mlango usio wake.

Sasa nije kwenye uhakiki wenyewe. Kuna namna tatu ambazo programu hizi hushughulikia funguo zinazogongana, na nadhani sisi tumekuwa tukisifu ile mbaya na kulaani ile nzuri.

Ya kwanza ni ile ya BibTeX, chombo cha Oren Patashnik cha mwaka 1985. Chenyewe kikikuta ufunguo umerudiwa kinapiga kelele kwamba ingizo limejirudia, kinashika la kwanza na kuliruka la pili. Wengi wetu tunakichukia kwa hilo. Eti kigumu, eti cha kizamani. Lakini angalau kimekuambia! Tatizo ni letu, tunaosogeza skrini bila kusoma onyo.

Ya pili ni ya programu ambazo hazina ufunguo wa kibinadamu kabisa. EndNote, kwa mfano, katika rejea zake za muda huweka jina, mwaka na namba ya rekodi. Namba hiyo ni ya maktaba ile ile tu. Ukihamishia rekodi maktaba nyingine, inapata namba mpya. Na ukitoa faili kwa muundo wa RIS, ule wa mistari yenye alama za herufi mbili, mara nyingi sehemu ya kitambulisho huwa tupu. Hapo kigeuzi kinalazimika kubuni ufunguo, nacho hubuni kwa jina la mwisho na mwaka. Mgongano unazaliwa hapo, wala haukuwepo mwanzo.

Ya tatu ni ya vigeuzi vya aina ya bibutils, ambavyo hupitisha kila kitu kwenye muundo wa MODS wa Maktaba ya Bunge la Marekani, kisha vikikuta funguo zinafanana vinaongeza a, b, c. Hii ndiyo tunayoisifu, maana kazi inaenda bila maneno. Nami nasema hii ndiyo ya hatari zaidi. Herufi ile haitokani na kitabu, inatokana na foleni. Panga foleni upya, na a wa jana ni b wa leo.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Mitindo ya jina na mwaka huchapa herufi zake yenyewe kwenye makala: 1974a, 1974b. Mingi hupanga kwa alfabeti ya majina ya vitabu. Kwa hiyo unaweza kuwa na ufunguo kezilahabi1974b ndani ya faili, na kitabu hicho hicho kikachapwa 1974a kwenye ukurasa. Ukisahihisha kwa kuangalia karatasi, unaharibu faili. Ukisahihisha faili kwa macho, unadhani karatasi imekosea.

Mtasema, hili ni tatizo la dunia nzima, si letu. Ni kweli, lakini sisi linatuuma zaidi. Programu hizi zinaamini kila mtu ana jina la ukoo, nalo ndilo la mwisho. Kwetu pwani na visiwani, jina la mwisho mara nyingi ni la baba au la babu. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed ni watu wawili, wote Wazanzibari, wote waandishi wa riwaya, na kwa kompyuta wote ni mohamed. Said Ahmed peke yake ana Utengano na Dunia Mti Mkavu, vyote vya 1980. Kisha kuna balaa la upande wa pili, mtu mmoja kuwa na funguo mbili. Shaaban Robert mmoja anamweka kwenye R, mwingine kwenye S. Penina Muhando na Penina Mlama ni mama yule yule. Hapo hakuna programu itakayolalamika, maana kwa macho yake hakuna kinachogongana.

Nikiwa hapa Marshalltown siwezi kulizungumza jambo hili kama mchezo. Sio mbali na ninapokaa lipo jengo la Albert Street namba 80. Enzi za ubaguzi lilikuwa ofisi ya pasi, ambako mtu mweusi alikuwa ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Usiku wa kuamkia 31 Agosti 2023 liliungua, wakafa zaidi ya watu 70, wakiwemo wenzetu kutoka Tanzania, na miili mingi haikutambulika kwa macho. Sifananishi vitabu na marehemu, huo ungekuwa utovu wa adabu. Nasema tu kwamba nchi hii inajua vizuri maana ya kuchanganyiwa kitambulisho. Wapo watu waliogundua kaunta kwamba namba yao ya kitambulisho anayo mtu mwingine. Wapo waliofungiwa namba bila kuulizwa, mpaka Mahakama Kuu ya Pretoria, Januari 2024, ikasema kuwafungia hivyo bila utaratibu wa haki ni kinyume cha katiba. Somo ninalolichukua ni moja: namba mbili zikigongana, usiamue kimya kimya nani abaki nani aondoke. Waite wote wawili kwanza.

Basi, ninavyofanya siku hizi ni hivi, wenye njia bora mnisahihishe.

Kabla ya kugeuza faili yoyote, natoa orodha ya funguo zote, naipanga, natazama zinazojirudia. Ni kazi ya dakika chache hata kwa faili ya rejea elfu moja. Kila mgongano nauliza: ni kitabu kile kile kilichoingizwa mara mbili, au ni vitabu viwili vya mtu mmoja, au ni watu wawili wenye jina moja? Cha kwanza naunganisha, nikiangalia kwanza toleo na mchapishaji. Cha pili na cha tatu nabadilisha ufunguo kwa mkono.

Ufunguo mpya nautengeneza kwa kitu kisichobadilika kwa kupanga foleni, yaani neno zima la jina la kitabu: kezilahabi-kichwamaji, kezilahabi-kichomi. Msikate herufi nne za mwanzo kama programu nyingine zinavyopendekeza. Kichwamaji na Kichomi zote zinaanza na kich, mtarudi pale pale! Kwa majina ya kwetu naandika yote: said-ahmed-mohamed-utengano. Ni mrefu, najua. Urefu haujamuumiza mtu.

Ufunguo wa zamani siutupi. Nauweka kwenye sehemu ya maelezo ya rekodi ile ile, ili muswada wa mwaka juzi nikiufungua nijue a alikuwa nani. Na sibadilishi faili bila kubadilisha muswada siku hiyo hiyo.

Mwisho, baada ya kugeuza, nachagua rejea kumi kutoka kwenye makala iliyochapwa na kuzifuata mpaka kwenye kitabu chenyewe, rafuni. Hapa ndipo ningemkamata Kazimoto kabla hajafia kwenye diwani.

Yule mwanafunzi nilimwandikia barua ya maelezo aipeleke kwa msimamizi wake, nikikiri kosa ni langu. Wahariri wa makala nao nimewaomba watoe sahihisho. Hadi leo nasubiri.

Naomba kuwasilisha.