Karamu na Daraja katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, aghalabu husomwa kama waadhi. Mtunzi anauasa moyo wake, anauonyesha hadaa ya dunia, kisha anauonya kwa kaburi na Jahanamu. Usomaji huo si wa makosa. Lakini umewafanya wengi wazipite mbio beti za katikati, ambamo majumba ya Pate yanafunguliwa usiku, na ndizo beti zenye uhai kuliko zote.

Humo taa za kioo na za shaba zinawaka hata usiku unafanana na mchana. Katika madaka ya ukuta zimepangwa sahani za sini, vyombo vya Uchina vilivyowekwa pale vionwe zaidi ya kutumiwa. Mabwana wanapita kwa maringo, shingo zimepinda, watu mbele na watu nyuma. Wakilala, wako wa kuwakanda, wako wa kuwapepea, na wako wanawake waliopambwa wa kuwatumbuiza bila ya kunyamaza. Hakuna raha hata moja humo isiyokuwa na mkono wa mtu mwingine nyuma yake. Uungwana wa Pate haukuwa katika mali tu, bali katika hesabu ya watu waliosimama wakati bwana amelala.

Kisha taa zinazimika. Pate ilikwisha kudhoofu tangu karne ya 18, na vita vya Shela, yapata mwaka 1812, viliiondolea heshima iliyosalia. Mtunzi hasimulii vita. Anarudi katika vyumba vile vile: katika daka la sahani wamelala makinda ya ndege, popo wananing'inia juu, bundi analia katikati ya nyumba, na mahali pa mazungumzo pana sauti ya nyenje. Hata bahari ya utenzi inamsaidia. Mishororo mitatu ya ubeti ina kina chake, na wa nne unarejea katika kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho, mfano wa mtu azungukaye gofu na kila mara akajikuta mlangoni.

Huko zilikotoka sahani zile, katika zama zizo hizo, Cao Xueqin aliandika Hongloumeng, yaani Ndoto ya Jumba Jekundu, riwaya iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1791, baada ya kufa kwake. Naye alizaliwa katika ukoo mkubwa uliofilisiwa. Katika riwaya hiyo ukoo wa Jia unajenga bustani nzima kwa ajili ya ziara ya usiku mmoja wa sikukuu ya taa: binti yao Yuanchun, mke wa mfalme, anakuja kuwaamkia wazee. Bibi yake anampigia magoti, baba yake anasema naye kutoka nje ya pazia, na kabla ya kucha binti anaondoka akilia. Cheo ndicho kilicholeta karamu, na cheo hicho hicho ndicho kilichowanyima watu wa nyumba moja nafasi ya kukumbatiana kwa raha.

Hata hivyo waandishi hawa wawili wanaachana mahali pamoja. Qingwen, mjakazi aliyenunuliwa utotoni, anapofukuzwa na kufa, kijana wa nyumba, Baoyu, anamwandikia maombolezo marefu kama aandikiwavyo mtu mtukufu. Sayyid Abdallah naye anaita wafu wake kwa majina, Ali bin Nasir akiwa miongoni mwao, na kuuliza wako wapi. Mpepeaji hamwiti. Mauti katika utenzi yanasawazisha watu, maombolezo hayasawazishi.

Yamkini mtu akamtetea mtunzi, kwamba desturi ya wakati wake haikumruhusu. Utetezi huo hautoshi, kwa kuwa jicho lake liliwaona: bila wao picha ya usiku ule isingekamilika, na ndiye mwenyewe aliyewaweka kitandani pa bwana. Tena utenzi huu leo hausomwi na wana wa masharifu peke yao. Unasomwa Kiegei pia, katika nyika za Nachingwea na Ruangwa, nchi ambayo misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi iliikata ikiwa na pembe na watu wa kuuzwa. Mwanafunzi wa huko hana gofu la ukoo wake la kulilia Pate. Akifika ubeti wa wapepezi ana haki ya kukaa hapo muda mrefu kuliko mtunzi alivyokaa, na mwalimu asimharakishe kwenda kwenye beti za kaburi.

Uzuri wa Al-Inkishafi haupungui kwa swali hilo. Mtunzi ameandika vizuri mno hata ametuachia ndani ya chumba watu ambao yeye mwenyewe alitoka bila kuwaaga. Popo wana mahali pao katika gofu lile, na ndege, na bundi. Wakandaji na watumbuizaji hawana, wala haikusemwa walikokwenda usiku taa zilipozimwa.