Ile Sauti Aliyoiacha Mlangoni mwa Kanisa

Ukimtafuta Little Richard kwenye simu yako leo, kuna uwezekano mkubwa utasikiliza rekodi ambayo si yenyewe. Nyimbo zilizomfanya Little Richard zilirekodiwa na kampuni ya Specialty kati ya 1955 na 1957. Miaka miwili tu na kidogo! Mnamo 1964 alizirudia kwa kampuni ya Vee-Jay, halafu akazirudia tena kwa wengine, na zote zimejaa mtandaoni zikiwa na majina yaleyale. Nimekutana na watu walioshaamua kwamba jamaa alikuwa mpiga makelele tu, na siwalaumu, walipewa nakala. Kabla hujambishia mtu kuhusu Little Richard, hakikisha kwanza ni Specialty.

Sasa hizo za Specialty. Nyingi zilirekodiwa New Orleans, kwa Cosimo Matassa, kwenye studio ndogo ya J&M. Septemba 1955 produsa Bumps Blackwell alimleta kijana wa miaka 22 kutoka Macon, Georgia, na kazi ikawa haiendi. Richard aliimba bluzi kwa adabu, kama mtu anayehojiwa kazi. Inasimuliwa kwamba walipotoka kwenda kula Dew Drop Inn, aliona piano, akaona watu, akawapigia wimbo wake wa vilabuni kwa nguvu zote. Blackwell akajua hicho ndicho alichokuwa akitafuta. Shida ilikuwa maneno. "Tutti Frutti" ulikuwa wimbo wa mambo ya kitandani, na si kitanda cha mume na mke. Ikabidi aitwe mtunzi kijana, Dorothy LaBostrie, aoshe mashairi. Richard aliona haya kumwimbia mwanamke maneno ya awali, na inasemekana aliimba akiwa ameugeukia ukuta.

Mimi hapo kwa ukuta ndipo ninapobaki kila nikiusikiliza huo wimbo. Maneno yalioshwa, sawa. Kilichobaki ni mambo ya wasichana wawili yasiyo na uzito wowote, hata mtoto wa Sunday school angeimba. Lakini sauti haikuoshwa. Hakuna aliyejua sabuni ya kuosha sauti. Yale maneno yasiyo na maana anayofungulia wimbo ni dramu iliyopigwa kwa mdomo, na ule mlio wa juu anaoupiga kabla saksafoni ya Lee Allen haijaingia unasema yote ambayo LaBostrie aliyafuta. Pat Boone, kijana msafi wa kizungu, aliuimba upya, na toleo lake likapanda juu zaidi kwenye chati ya pop. Ukilisikiliza utapata maneno yote yapo, na wimbo haupo. Kwa "Long Tall Sally" Richard na Blackwell waliongeza kasi makusudi, ulimi wa Boone ushindwe kufuata. Boone akaurekodi hata hivyo, lakini safari hii Richard akampita.

Kitu kingine watu hukipita mbio ni mkono wake wa kulia. Kwenye "Tutti Frutti" dramu za Earl Palmer bado zinabembea kama za jazi, lakini piano imekataa kubembea, inagonga sawasawa kama mtu anayebisha mlango usiku. Palmer alikuja kueleza kwamba mdundo alioupiga baadaye, huu tunaouita wa rock, ulitokana na kujaribu kuufuata huo mkono. Weka "Lucille" ya 1957 baada ya "Tutti Frutti" usikie bendi imeshasalimu amri. Wote wanagonga pamoja, hakuna anayebembea tena.

Na kama unadhani ilikuwa nguvu ya studio tu, nenda kwa "Keep A-Knockin'". Hiyo ilirekodiwa Washington akiwa na bendi yake ya safarini, Upsetters. Ilikuwa kipande cha kama dakika moja hivi, hata si wimbo kamili. Specialty walipokosa nyimbo mpya walikata kanda, wakaunganisha, wakarudia vipande hadi zikatimia dakika mbili na ushee. Ukitega sikio utazigundua sehemu zinazojirudia. Sijali. Dramu za Charles Connor pale mwanzo ndizo John Bonham wa Led Zeppelin alizozichukua 1971.

Walikosa nyimbo mpya kwa sababu mwenye sauti alikuwa ameondoka. Oktoba 1957, akiwa ziarani Australia, aliona moto angani, akausoma kama ishara, akatupa pete zake majini na kutangaza ameokoka. Mkataba wake ulikuwa ukimpa nusu senti kwa kila sahani, kwa hivyo tusijifanye aliacha utajiri mkubwa. Aliingia Oakwood, chuo cha Wasabato huko Huntsville, Alabama. Wasabato hao ni walewale waliofika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mnamo 1906. Msomaji wa Kisii au Homa Bay anajua vizuri namna hiyo ya kuimba: sauti nne zilizopangwa, hakuna anayemfunika mwenzake, dramu ni jambo la kuitiwa kikao.

Nyimbo za injili alizorekodi kuanzia 1959, pamoja na albamu aliyofanya na Quincy Jones, zinasifiwa kwa heshima sana. Mimi naziona kama picha ya pasipoti. Sura ni yake, lakini ameambiwa asicheke. Sauti ni nzito, nzuri, imenyooka, na ule mlio wa juu karibu haupo. Na hapa ndipo ninapokasirika kidogo, kwa sababu ule mlio ulikuwa mali ya kanisa tangu mwanzo. Mwenyewe alikiri kwamba aliutoa kwa Marion Williams, wa kundi la injili la Clara Ward. Mtu wa kwanza kumpandisha jukwaani akiwa na miaka 14 alikuwa Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili na gitaa lake la umeme. Yaani Richard alichukua kitu kanisani akakipeleka kilabuni, na aliporudi akakiacha mlangoni akidhani ni cha shetani.

Aliamini hivyo hadi mwisho. Miaka ya tisini alisema waziwazi kwamba anapenda wanaume. Mwaka 2017, akiwa na miaka 84, alikaa mbele ya kamera za televisheni ya Kikristo akayakana hayo yote. Amezikwa hapohapo Oakwood. Sina haki ya kumwambia marehemu alikuwa nani. Ila rekodi ninazo, na rekodi hazikubaliani naye kwamba alikuwa watu wawili.

Ushahidi wangu ni wa 1965: "I Don't Know What You've Got But It's Got Me", utunzi wa Don Covay, uliotolewa na Vee-Jay walewale wa nakala mbaya. Jimi Hendrix alikuwa mpiga gitaa kwenye bendi yake wakati huo, na wengi wanaamini ndiye anayesikika. Ni wimbo wa mapenzi, wa polepole, mrefu hadi ukagawanywa pande mbili za sahani. Richard anaanza akilalamika kama mtu aliyeachwa, halafu anaacha kuimba na kuanza kuzungumza, na ni mahubiri kabisa. Hakuna aliyeosha chochote. Vee-Jay ikafilisika mwaka uliofuata. Sikiliza pande zote mbili, na usiruke pale anapozungumza.