Kiuno Jukwaani

Sindimba, ngoma ya Wamakonde wa Mtwara, ililaumiwa sana ilipochezwa na kikundi cha ngoma cha taifa kilichoundwa katika miaka ya 1960. Wengi walidai kuwa yafundisha uasherati. Sisi twaona lawama hiyo haikulenga penyewe. Huko kwao sindimba ilifungamana na jando na unyago. Kiuno kilikuwa sehemu ya mafunzo, na wachezaji kwa watazamaji walijua maana yake. Ilipopandishwa jukwaani mbele ya wageni, ngoma ilifupishwa: mafunzo yakaachwa nyuma, kiuno kikabaki, tena kikatiwa chumvi.

Kasoro iyo hiyo twaiona hata huku Bugomora, wilayani Kyerwa, ingawa Mtwara ni mbali mno. Shule yaandaa mchezo wa kuigiza juu ya mimba za utotoni. Mama analia, mwalimu anaonya, watazamaji wametulia tuli. Ghafla waingia wasichana, khanga zimefungwa kiunoni, wanakatika, na wanaume wanainuka kwenda kuwatuza. Wameingia kwa sababu gani? Mchezo wenyewe hauna jibu. Na hao wanaotuzwa ni wasichana wale wale ambao mchezo ulidai kuwalinda!

Hatusemi kiuno kipigwe marufuku. Mtunzi akitaka kuonyesha jinsi mlevi wa kilabuni anavyomrubuni binti, na aitie ngoma hiyo hapo, itamchoma mtazamaji. Bali ikiletwa ili kuchangamsha hadhira tu, noti zikishaanza kupepea, hakuna akumbukaye tena chozi la yule mama.