Mali ya Umma au Kazi Iliyotoka Milkini? Uchambuzi wa Istilahi za Ukomo wa Hakimiliki

Katika sheria za hakimiliki, kifungu kinachoeleza muda wa ulinzi ni kifupi, lakini ndicho kinachowahusu watu wengi wasio wanasheria. Mwalimu anayetaka kunakili shairi kwa ajili ya darasa lake, mfasiri anayetaka kukitia Kiswahili kitabu cha zamani, ofisa utamaduni anayeulizwa na kikundi cha sanaa kama chaweza kuigiza tamthilia bila ya kuomba ruhusa: wote hao huuliza swali moja. Je, muda umekwisha? Jibu la swali hilo ni tarehe. Kwa hiyo istilahi za kifungu hicho hazina budi kumfikisha msomaji wa Kiswahili kwenye tarehe ile ile anayoifikia msomaji wa sheria yenyewe. Istilahi isiyomfikisha huko, hata ikiwa tamu masikioni, imeshindwa kazi yake.

Makala haya yanakusudia kuzichambua istilahi chache za jambo hili na kutoa mapendekezo. Hatuna nia ya kuwalaumu waliotangulia; wao walifyeka njia mahali pasipokuwa na njia. Neno hakimiliki limekwisha kukubalika, na mwenzake hakishiriki, linalotaja haki za waimbaji, watengenezaji wa rekodi na watangazaji, limezoeleka pamoja nalo katika kuitaja kwa Kiswahili Sheria Na. 7 ya 1999 ya Tanzania Bara. Kasoro zimebaki katika maneno yanayoyazunguka hayo mawili.

1. Maisha ya nani?

Kanuni ya msingi katika Mkataba wa Berne, ambao ulianza mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, ni kwamba kazi ya maandishi, ya muziki au ya sanaa hulindwa muda wote wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hicho ndicho kiwango cha chini. Nchi yaweza kuzidisha. Tanzania, Kenya na Uganda zinafuata kipimo hicho cha miaka 50.

Sentensi ni nyepesi, lakini mfasiri hushawishika kuandika “maisha ya mwenye hakimiliki” mahali pa “maisha ya mtunzi”, akidhani kuwa ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Mtunzi akiiuza haki yake kwa kampuni ya uchapishaji, mwenye hakimiliki ni kampuni, nayo kampuni haina siku ya mazishi ambayo msomaji aweza kuanzia kuhesabu. Sheria hupima kwa pumzi za aliyetunga, hata kama alikwisha kuuza kila kitu tangu ujana wake. Na watunzi wakiwa wawili au zaidi katika kazi moja, hesabu huanza kwa kifo cha yule wa mwisho. Basi maneno haya mawili yasichanganywe kamwe: mtunzi ndiye kipimo cha muda, mwenye hakimiliki ndiye anayeombwa ruhusa.

2. Mwisho wa mwaka upi?

Kasoro ya pili ni ndogo kwa umbo, kubwa kwa matokeo. Sheria haihesabu kuanzia siku ya kifo, bali kuanzia mwisho wa mwaka ambao mtunzi alifariki. Tafsiri inayosema tu “miaka 50 baada ya kifo” imemnyang’anya mrithi miezi kadhaa ya haki yake. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kwa tafsiri hiyo ya mkato, ulinzi wa tungo zake ungekoma Juni 2012. Kwa hesabu ya kisheria ulikoma tarehe 31 Desemba 2012. Kitabu kilichochapishwa bila ya idhini katika miezi hiyo sita ya kati kingekuwa halali kwa Kiswahili kibovu, na haramu kwa sheria.

Wala haitoshi kuandika “mwisho wa mwaka” na kunyamaza. Msomaji wetu ambaye ni mtumishi wa serikali anaishi katika miaka miwili kwa wakati mmoja, kwani mwaka wake wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Ofisini kwake, mtu akisema “mwisho wa mwaka”, vitabu vya hesabu hufungwa Juni. Istilahi kamili ni mwaka wa kalenda, nayo itumike bila ya kufupishwa. Yafaa kifungu kisomeke hivi: “Hakimiliki itadumu katika maisha yote ya mtunzi, na itaendelea kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka wa kalenda ambao mtunzi alifariki.” Sentensi ni ndefu, lakini hakuna neno ndani yake linaloweza kuondolewa bila ya kuhamisha tarehe.

3. Picha ni neno moja, hesabu ni tatu

Katika Kiswahili cha kila siku, picha ni ile iliyochorwa kwa rangi, ni ile iliyopigwa kwa kamera, na pia ni ile tuliyokwenda kuitazama sinema. Wingi huo wa maana haumsumbui mtu sebuleni. Katika sheria unasumbua, kwa sababu vitu hivyo vitatu havihesabiwi kwa njia moja.

Tuichukue Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001. Mchoro ni kazi ya sanaa, hivyo hulindwa katika maisha ya mchoraji na miaka 50 baadaye. Picha ya kamera haitazami maisha ya aliyeipiga. Hiyo, pamoja na filamu, huhesabiwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ambao ilitengenezwa, au ilitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza, au ilichapishwa kwa mara ya kwanza, kwa kufuata tukio lililokuja mwisho. Mkataba wa Berne nao una kipimo chake: kwa picha za kamera, na kwa sanaa za vyombo vya matumizi zinazolindwa kama kazi za sanaa, muda usipungue miaka 25 tangu kutengenezwa.

Mfano uko karibu nasi. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972. Kwa kipimo cha maisha na miaka 50, ulinzi wa michoro aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe ulikoma tarehe 31 Desemba 2022. Michoro ya wanafunzi na wafuasi wake, ingawa watu huiita kwa jina lake, ina hesabu ya kila mchoraji mmoja mmoja. Na picha ya kamera aliyopigwa mchoraji akiwa kazini ina hesabu nyingine kabisa. Ofisa akipewa waraka unaosema “picha za Tingatinga sasa ni ruhusa kwa wote”, ataruhusu yasiyoruhusiwa, naye hakukosea. Kilichokosea ni neno.

Twapendekeza basi kwamba katika maandishi ya kisheria neno picha lisisimame peke yake. Iandikwe mchoro, picha ya kamera, na filamu. Maneno yote matatu yanajulikana. Hakuna haja ya kubuni lolote.

4. Kutengeneza, kutoa, kuchapisha

Kadhalika neno kuchapisha limebeba mzigo usio wake. Msomaji alisikiapo huona karatasi na wino. Lakini wimbo uliorekodiwa hauendi matbaani, nayo filamu hutolewa kwa kuonyeshwa. Sheria inataja matendo matatu, na Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kuyatosheleza: kutengeneza (kazi ikaja kuwapo), kutoa kwa umma (watu wakaweza kuiona au kuisikia), na kuchapisha (nakala zake zikatolewa kwa watu). Mfasiri anayetumia kimoja kwa vyote vitatu ameziunganisha tarehe tatu zinazoweza kuachana kwa miaka mingi.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika taarabu. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950. Sheria ya Kenya huhesabu rekodi ya sauti miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa kipimo hicho, hesabu ya rekodi za 1928 hufika ukingoni mwaka 1978. Maneno na muziki wa wimbo, ambapo mtunzi ni Siti mwenyewe, hufuata mwaka wa kifo chake, nayo hesabu hufika mwaka 2000. Ambapo mtunzi ni mshairi mwingine, hufuata kifo cha mshairi huyo. Na wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert hufuata kifo cha mwandishi, yaani mwisho wa 2012. Jina moja, sahani moja ya santuri na kitabu kimoja. Tarehe ni tatu au zaidi. Mwandishi anayesema “hakimiliki ya Siti binti Saad imekwisha” hajasema kitu mpaka aseme hakimiliki ya nini.

5. Baada ya muda kwisha

Sasa tufike kwenye istilahi inayotutia wasiwasi kuliko zote. Kazi ambayo muda wake umekwisha iitweje? Yako maneno yanayogombea nafasi hiyo.

La kwanza ni mali ya umma. Kwa sura linapendeza. Lakini nchini Tanzania, hasa tangu Azimio la Arusha la 1967, maneno haya yana maana iliyokwisha kukaa: ni mali inayoshikwa na serikali au shirika kwa niaba ya wananchi, yenye mlinzi, daftari na sahihi ya ofisa. Gari lenye namba za serikali ni mali ya umma. Anayelitumia bila ya kibali hushtakiwa. Kazi iliyomaliza muda wa hakimiliki ni kinyume cha hayo: haina mlinzi, wala hakuna wa kutoa kibali. Mwalimu akiambiwa kwamba mashairi fulani ni “mali ya umma”, kwa nidhamu yake njema ataandika barua wizarani kuomba ruhusa, na barua hiyo itazunguka mezani kwa watu wasio na mamlaka ya kutoa wala kunyima. Istilahi imejenga lango mahali ambapo sheria imevunja ukuta.

La pili, eneo la umma, limefinyangwa kwa kufuata umbo la Kiingereza. Kwa msomaji wetu, eneo la umma ni sokoni, stendi na bustani. Shairi haliwezi kuwa huko ila likisomwa kwa kipaza sauti.

La tatu ni kazi huria. Hili ni bora kuliko yaliyotangulia, na lingefaa kama lisingekwisha kuchukuliwa. Programu huria za kompyuta zina hakimiliki kamili. Wenyewe wametoa ruhusa kwa masharti, na atakayeyavunja aweza kudaiwa. Kulitumia neno hilo hilo kwa kazi isiyo na masharti ni kumfundisha msomaji kupuuza masharti yaliyopo.

La nne, wakfu, lina asili nzuri pwani, ila wakfu una msimamizi na shuruti za aliyeuweka. Halifai.

Sisi twapendekeza kutumia jozi inayotokana na hakimiliki yenyewe: kazi iliyo milkini, na kazi iliyotoka milkini. Kitenzi kutoka kinamweleza msomaji kwamba kulikuwa na muda na muda umepita. Hakitaji mmiliki mpya kwa sababu hayupo. Tena kinakubali kuongezewa mahali na tarehe, jambo ambalo “mali ya umma” halifanyi kwa urahisi.

Mahali ni muhimu. George Orwell alifariki Januari 1950. Kwa kipimo cha miaka 50 kinachofuatwa hapa kwetu, riwaya yake Animal Farm ilitoka milkini mwisho wa 2000. Uingereza, kwa miaka 70, ilitoka mwisho wa 2020. Marekani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa kwa kazi za wakati huo, na kwa kuwa ilichapishwa mwaka 1945, itatoka mwisho wa 2040. Mchapishaji wa Dar es Salaam anayetaka kupeleka nakala New York asidanganywe na sentensi isiyotaja nchi.

6. Neno kwa wafasiri

Tunamalizia na jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Tafsiri hulindwa kama kazi kamili, yenye mtunzi wake, ambaye ni mfasiri. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na tamthilia zake hazina wa kuombwa. Lakini Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ni tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki Oktoba 1999. Hizo zimo milkini hadi tarehe 31 Desemba 2049. Kila mtu ana ruhusa ya kuitafsiri upya tamthilia ile. Hana ruhusa ya kuinakili tafsiri ya Mwalimu akidai kuwa “Shakespeare ni wa wote”. Vivyo hivyo Shamba la Wanyama, tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1967, haikutoka milkini pamoja na kitabu cha Orwell.

Kwa muhtasari twapendekeza: mtunzi asibadilishwe kuwa mwenye hakimiliki, mwaka wa kalenda utajwe kwa ukamilifu, mchoro, picha ya kamera na filamu zitenganishwe, kutengeneza, kutoa kwa umma na kuchapisha viachwe kila kimoja na kazi yake, na mali ya umma iachiwe magari na majengo ya serikali, ili kazi zilizomaliza muda ziitwe kazi zilizotoka milkini.

Mapendekezo haya si msahafu. Huenda yuko msomaji wa Mombasa, Unguja au Bukoba mwenye neno linalotumika kwao ambalo lapita haya yetu yote. Tunamwomba asikae nalo. Alipime kwa kipimo kimoja tu: je, akilisoma mtu asiye mwanasheria, atafika kwenye tarehe iliyo sahihi?